Yuko Nyumbani, Lakini Yuko na Nani?

Kuna sentensi moja ambayo wazazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huitamka kwa namna ileile wanapoulizwa kwa nini mtoto wa miaka kumi ameinamia simu tangu adhuhuri: "Bora yuko nyumbani." Wanaoisema si wazembe. Ni watu wanaorudi kutoka kazini au sokoni magharibi imeshaingia, wanaoishi kwenye mitaa ambayo uwanja wa mpira umegeuzwa fremu za maduka, bodaboda hupita kwa kasi mlangoni, na bangi huvutwa kijiweni mchana kweupe. Wamesikia habari za watoto waliopotea na watoto waliofanyiwa ukatili. Wakilinganisha hayo na mtoto aliyetulia kwenye kochi, wanaona wamechagua usalama. Hoja yao, ikielezwa kwa haki, ni kwamba hatari iko nje, gemu inamzuia mtoto ndani, kwa hiyo gemu ni ulinzi. Huongeza kwamba ni bure, kwamba anacheza na wenzake, kwamba akichoka ataacha, na kwamba hata hivyo anajifunza Kiingereza na kompyuta. Nazipinga hoja hizi zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu mzazi anayezishikilia anaamini ameamua jambo, kumbe uamuzi amewaachia watu asiowajua.

1. "Yuko nyumbani"

Mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi ni mahali watu wanapokwenda, sawa na soko au stendi. Free Fire, uliotolewa na kampuni ya Garena ya Singapore mwaka 2017, hukutanisha hadi wachezaji 50 katika pambano moja la kama dakika 10. PUBG Mobile, uliofuata mwaka 2018, hukutanisha 100. Roblox ni mji mzima wa michezo mamilioni iliyotengenezwa na watumiaji wenyewe, na mwaka 2024 uliingiwa na wastani wa watu zaidi ya milioni 80 kila siku, zaidi ya theluthi yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 13. Mtoto anapobonyeza kuanza, kiwiliwili chake kinabaki kochini, lakini macho, masikio, ulimi na moyo vimekwenda kwenye umati huo. Mama aliyeko jikoni akisikia kicheko chumbani hajui mtoto anachekeshwa na nani.

Ajabu ni kwamba mzazi huyuhuyu humchapa mtoto akimkuta kwenye kibanda cha gemu cha mtaani, kwa maelezo kwamba kule kuna wahuni. Tukitazame kibanda hicho bila chuki. Mtoto anacheza na mtu aliyekaa naye benchi moja, anayemjua kwa jina na kwa nyumba anayotoka. Mwenye kibanda anamfahamu mama yake, na mtoto akitukana, habari zitafika nyumbani kabla yeye hajafika. Analipa kwanza ndipo acheze, kwa mechi au kwa dakika, na hela yake ikiisha mchezo umekwisha. Usiku mlango unafungwa. Hapo kuna mipaka mitatu: watu wanajulikana, pesa inaonekana, na saa ya kufunga ipo. Simu iliyoko chumbani haina hata mmoja kati ya mipaka hiyo. Sisemi watoto warudishwe vibandani. Vingi vimekuwa maficho ya watoro wa shule, na serikali za mitaa zina sababu ya kuvifuatilia. Nasema kwamba aliyekiogopa kibanda akaiamini simu amepima hatari kwa kuangalia kuta. Kuta hazijawahi kumlinda mtoto wa Kiswahili. Siku zote amelindwa na kujulikana: ni mtoto wa nani, amefuatana na nani, ameonekana wapi. Ulinzi huo ndio unaovuliwa mlangoni mwa gemu, na mzazi ndiye anayeuvua akidhani anauongeza.

2. "Anacheza na wenzake"

Kikwetu mwenzako ni mtu ambaye ukigombana naye leo mtakutana kesho bombani, darasani au msikitini, kwa hiyo kila mmoja huuchunga ulimi wake. Mchezaji wa mtandaoni ni jina la bandia na kikaragosi kilichovishwa nguo. Anaweza kuwa mtoto wa darasa la tano Tanga. Anaweza kuwa mtu wa miaka 40 asiyejulikana yuko nchi gani. Mtoto hana njia ya kutofautisha. Na katika mapambano ya vikosi sauti ndiyo inayoongoza timu, hivyo kuzima kipaza sauti ni kujinyima ushindi, na anayekaa kimya hulaumiwa na hata kutukanwa na watu wazima ambao mitaani wasingethubutu kumsemesha mtoto wa mtu namna hiyo.

Haya si madai ya wazee wanaochukia teknolojia. Desemba 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, ambapo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 zilikuwa adhabu kwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi. Sehemu moja ya malalamiko ya tume inatuhusu moja kwa moja: mazungumzo ya sauti na maandishi yalikuwa yamefunguliwa tangu mwanzo, na watoto wakapangwa kucheza na wageni, ambapo wengine walionewa na kutishwa. Kampuni ikatakiwa kuyafunga mazungumzo hayo kwa watoto na vijana hadi yafunguliwe kwa ridhaa. Angalia basi mambo yalivyokuwa kabla ya hapo: mlango ulikuwa wazi, na aliyetaka ufungwe alipaswa kwanza ajue kwamba upo. Agosti 2024 Uturuki iliifungia Roblox kwa hofu ya usalama wa watoto. Agosti 2025 zikafuata Qatar na Kuwait. Serikali hizo zinaweza kuwa zimekosea dawa, lakini haziwezi kuambiwa zimebuni ugonjwa.

Mtu atasema kwamba siku hizi kampuni zimeweka ulinzi kwa watoto, na ni kweli kiasi. Ulinzi huo unategemea jambo moja: kampuni ijue kwamba mchezaji ni mtoto. Sasa tazama simu inayotumika katika nyumba zetu. Ni ya mama, au ni ya zamani ya baba iliyopasuka kioo, na ndani yake kuna akaunti ya mtu mzima iliyofunguliwa siku simu iliponunuliwa. Mtoto anaingia gemuni kwa akaunti hiyo. Kwa mujibu wa mtambo, mchezaji huyu wa darasa la nne ni mwanamke wa miaka 38. Vichujio vyote vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto vinampita pembeni, na mara nyingi mazungumzo yanafunguliwa kana kwamba ni mtu anayeweza kujitetea. Mlango huu wa akaunti ya mkubwa umezisumbua hata dola kubwa. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakatumia vitambulisho vya wazazi, na sheria ikafutwa kuanzia Januari 2022. China mwaka 2021 iliwabana walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwaka huohuo kampuni ya Tencent ilikuwa ikipima sura za wachezaji wa usiku kwa sababu watoto walikuwa wakiingia kwa akaunti za wakubwa. Kama China yenye nguvu zote zile imesumbuliwa na akaunti ya mkubwa, sisi tunaomkabidhi mtoto akaunti hiyo kwa mkono wetu tunategemea ulinzi gani?

Tusijidanganye kwamba haya ni ya Wazungu na Wachina. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ulionyesha kwamba watoto wetu wanaotumia intaneti wanafikiwa na wanyanyasaji wa kingono, kwamba mara nyingi mnyanyasaji ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimjua tayari, na kwamba watoto wengi hawaripoti polisi wala kwa namba za msaada. Baadhi hulitumia jambo hilo la kujuana kama utetezi: ikiwa hatari inatoka kwa watu wanaojulikana, gemu ina kosa gani? Kosa lake ni kwamba inampa mtu huyo chumba cha faragha na mtoto ndani ya nyumba ya mzazi, bila kugonga mlango. Jirani ambaye asingeweza kukaa na mtoto wako peke yake nusu saa bila wewe kuuliza, anaweza kuwa kikosi kimoja naye kila usiku kwa miezi.

Kuhusu ukimya wa watoto, sababu zipo nyingi, aibu ikiwa mojawapo. Lakini iko moja tunayoitengeneza wenyewe. Mtoto anajua kwamba mzazi hajui lolote juu ya gemu yake isipokuwa jambo moja: jinsi ya kumnyang'anya simu. Akisema "kuna mtu ameniomba picha," atapoteza simu, atapoteza kikosi, na pengine atapigwa. Kwa hiyo ananyamaza, na mtu yule anayeomba picha anategemea unyamavu huo.

3. "Ni bure"

Kupakua ndiko bure. Baada ya hapo kuna almasi kwenye Free Fire, V-Bucks kwenye Fortnite, Robux kwenye Roblox, na sarafu kwenye eFootball. Fedha hizi za ndani zimewekwa makusudi kati ya mtoto na shilingi. Mtoto anayejua kabisa kwamba elfu tano ni mboga ya nyumba nzima hajui almasi mia tano ni kitu gani, kwa hiyo haoni akitumia. Anachokiona ni kwamba msimu wa mchezo unaisha baada ya siku chache, vazi fulani halitauzwa tena, na wenzake kikosini wanamcheka kwa kuvaa nguo za bure. Katika makubaliano yaleyale ya Epic Games, dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watumiaji pesa, kwa sababu tume ilieleza kwamba vitufe vilipangwa kiasi cha mtu kununua kwa mbonyezo mmoja asioukusudia, kwamba kwa muda mrefu watoto waliweza kununua bila mzazi kuulizwa, na kwamba waliopinga makato kwenye benki zao walifungiwa akaunti. Huko ni kwenye kadi za benki. Kwetu pesa iko kwenye simu ileile anayochezea, na namba ya siri mtoto anaijua kwa sababu ndiye anayetumwa kumtumia shangazi nauli.

Kilicho kizito zaidi ni namna ya kununua. Michezo mingi huuza kisanduku au bahati nasibu: unalipa kwanza, kisha ndipo uambiwe umepata nini, na mara nyingi umepata kisicho na maana, basi jaribu tena. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya namna hiyo ni kamari isiyo na kibali, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za mchezo wake wa FIFA nchini humo. Tanzania na Kenya zinamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na wazazi wetu ni wakali katika hilo kuliko sheria yenyewe: kijana akikutwa na mkeka wa kubeti, ukoo mzima unaitwa kikao. Lakini mdogo wake wa miaka tisa akiwa sebuleni anazungusha gurudumu la bahati kwa vocha ya baba, anaambiwa anatulia vizuri. Huwezi kumfundisha mtoto kuanzia miaka tisa kulipa ili abahatishe, kisha ushangae akiwa na miaka kumi na tisa. Anayeichukia kamari aichukie yote, hata ile yenye rangi za katuni.

4. "Akichoka ataacha"

Hapa sitakaa sana. Mchezo wa zamani ulikuwa na mwisho. Huu haumaliziki, na umepangwa hivyo. Kuna zawadi ya kila siku kwa anayeingia na hasara kwa asiyeingia. Pambano halisimamishwi katikati, kwa sababu wengine 49 wanaendelea. Ndiyo maana mtoto akiitwa mezani hujibu "dakika moja," na mzazi huhesabu jibu hilo kuwa kiburi, wakati kwa kweli mtoto amebanwa kati ya amri mbili: ya mama na ya kikosi kinachomtegemea. Ugomvi huo ungepungua nusu kama mzazi angejua kwamba muda wa gemu hupimwa kwa mapambano: mawili, matatu, kisha simu inarudi. Lakini ili ajue, lazima awe amekaa akatazama. Shirika la Afya Duniani limeuweka ulevi wa michezo hii kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na alama zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Wanaofika huko ni wachache, na si haki kumwita kila mtoto mgonjwa. Wanaosinzia darasani Jumatatu ni wengi zaidi, na hao hawana orodha.

5. "Anajifunza, na mimi sijui mambo hayo"

Pingamizi la kwanza ni la elimu. Mtoto atajifunza Kiingereza, ataizoea kompyuta, pengine atapata ajira kwenye mashindano ya gemu. Hutajwa pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2020, uliokuta kwamba waliocheza zaidi michezo miwili iliyochunguzwa walijisikia vizuri kidogo zaidi. Utafiti huo ni wa kweli, lakini waliohojiwa walikuwa watu wazima. Kuutumia kumtetea mtoto wa miaka tisa ni sawa na kumpa dozi ya baba yake. Kuhusu Kiingereza, cha gemuni ni maneno ya amri, matusi na majina ya silaha, na mtoto anayeyajua yote bado hawezi kuandika aya moja ya barua. Kuhusu ajira, mtaa wenye watoto mia wanaocheza mpira haujawahi kuwaruhusu waache shule kwa sababu Mtanzania Mbwana Samatta alifika Ligi Kuu ya England.

Pingamizi la pili ni la ndugu. Binamu aliyeko Muscat na binamu aliyeko Zanzibar hucheza kikosi kimoja, na familia iliyotawanyika inapata pa kukutania. Hilo nalikubali bila kinyongo, kwa sababu linathibitisha ninachokisema: kikosi hicho kina majina, kina ukoo, na mama zao wanapigiana simu. Kiwe hivyohivyo kila siku. Mazungumzo yafungwe kwa wote isipokuwa hao.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili, kwa wanaotaka marufuku kamili. Nyumba inayoweza kuitekeleza, hasa kwa watoto wadogo, na iitekeleze. Mtoto anaweza kukua vizuri bila Free Fire. Ila marufuku inayotangazwa na mzazi anayeacha simu mezani saa nane kwa siku ina kasoro ileile ya "bora yuko nyumbani." Zote mbili zinamwezesha mzazi kutamka neno moja na kuondoka.

Linabaki la mwisho, nalo ndilo husemwa kwa unyonge: "Mimi teknolojia siijui." Hakuna anayemtaka mzazi aijue teknolojia. Anatakiwa aulize maswali ambayo bibi yake aliuliza bila kujua kusoma: unakwenda wapi, na nani, kwa pesa ya nani, na utarudi saa ngapi. Kila swali kati ya hayo lina jibu ndani ya gemu. Mtoto awe na akaunti yake yenye umri wake wa kweli, hata kama umri huo utamfungia mchezo anaoutaka. Acheze sebuleni, sauti ikitoka kwenye spika badala ya masikioni, ili mtu mzima asikie anayosikia yeye. Namba ya siri ya pesa ibadilishwe leo. Simu ilale chumba cha wazazi. Na aambiwe waziwazi, tena mara kwa mara, kwamba akileta habari ya mtu aliyemtisha au kumwomba picha hatanyang'anywa kitu, kwa sababu bila ahadi hiyo mengine yote niliyoyataja hayatamfanya aseme.

Mzazi asiyekuwa tayari kufanya hayo asimpe mtoto gemu ya mtandaoni. Ampe mpira, ampe bao, ampe gemu isiyohitaji intaneti, au amwache asumbuke na uchovu wa mchana mpaka abuni la kufanya.

Aliye tayari aanze jioni hii. Kaa karibu na mwanao, mwombe akuonyeshe pambano moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha mwulize kila aliyemo kwenye kikosi chake ni nani, anakaa wapi na wamejuana vipi. Msikilize bila kupandisha sauti. Ikiwa atakachokueleza kitakuwa kizito kuliko uwezo wako, piga 116, namba ya msaada kwa watoto. Inapatikana Tanzania, Kenya na Uganda, na kupiga ni bure.